Tanuri Lisilo na Dawa

Mzee Modesti alikuwa na mdomo, na sitaanza kumpamba leo. Ukimpelekea jembe lililopinda, anakuuliza kwanza kama ulikuwa unalimia au unapigana nalo. Ukimwambia mhunzi mwenzake anatengeneza haraka zaidi, anakurudishia jembe lako limepinda vilevile na kukuonyesha njia ya kwenda kwa huyo mwenzake. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko hapa Sumbawanga mjini, upande wa wauza vyuma chakavu, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa pale akigeuza springi za magari kuwa majembe na mashoka. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Watu walimsengenya sana, kisha wakarudi kwake, kwa sababu jembe lake halikuvunjika.

Mimi ni Stumai, mama Timoth, na nilifanya naye kazi miaka miwili. Nilikuwa mlinzi wa geti, mfagiaji na mpika uji, vyote kwa mshahara mmoja, mahali panapoitwa Nyumba ya Kugusa. Jina lake la kwenye kibao ni refu na lina neno makumbusho ndani yake. Ni ghala la zamani la mahindi, barabara ya kwenda Mollo, ambalo shirika moja lilikodi likaligeuza makumbusho ya watoto. Ndani kila kitu kina karatasi iliyoandikwa TAFADHALI GUSA: sumaku, lenzi, mifupa ya ng'ombe ya kupanga upya, pampu ya maji iliyokatwa ubavu ili uone utumbo wake. Kila Jumamosi wanakuja watoto wa shule za msingi na sekondari, wanagusa mpaka vitu vinachakaa, na jioni mimi nafuta alama za vidole.

Mratibu wetu alikuwa madam Rahel. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, kasoma fizikia chuo kikuu, na kwao si huku. Alikuwa na heshima, alimsalimia kila mkubwa kwa shikamoo hata kama mkubwa mwenyewe amekaa chini amelewa, na watoto walimpenda. Nayasema haya mapema kwa sababu mbele kidogo nitamsema vibaya.

Madam ndiye aliyemtoa Modesti sokoni. Alikuwa anatafuta mtu wa kuwaonyesha watoto jinsi Wafipa wa zamani walivyoyeyusha mawe wakapata chuma. Yale matanuri marefu ya udongo, malungu, mengine bado yamesimama mashambani huko Nkasi na mbuzi wanajificha mvua ndani yake, lakini wanaojua kuyawasha wamekwisha. Modesti alikuwa ameona likiwashwa mara moja tu maishani, kijijini kwao jirani na Chala, akiwa na miaka tisa. Babu yake alitaka wajukuu waone kabla hajafa. Alifukuza wanawake wote eneo lile, akawakataza wanaume kulala na wake zao, akachimba shimo chini ya tanuri akafukia dawa, na siku ya tatu likatoka tonge la chuma. Kabla ya kufa akamwachia Modesti kijikapu chenye zile dawa: magome, mizizi, na vingine ambavyo Modesti aliapa kutovitaja.

Alikiamini kile kijikapu kwa moyo wote, na kila Jumapili alipokea komunyo kwa moyo huohuo. Niliwahi kumuuliza vinakaaje pamoja.

"Padre anashughulika na roho," akanijibu. "Mimi nazungumzia mawe. Nipishe nipite."

Madam alimpa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, kina picha yake na maneno MKUFUNZI WA UFUNDI WA ASILI. Mzee aliyeishia darasa la nne. Alikivaa sokoni, alikivaa kilabuni, alikivaa Misa ya kwanza, na akina mama wa jumuiya wakacheka mpaka wakakosa wimbo. Hakujali.

Nyumbani kwake alikuwa na mtu mmoja tu, Jenifer, mjukuu wake. Mama wa mtoto huyo, Fransiska, aliolewa Mpui na mwanaume aliyesema anaoa mke, haoi na mzigo. Mzigo ulikuwa na miaka minne. Modesti, ambaye mkewe alikuwa ameshafariki, akaenda kuuchukua kwa baiskeli, akaurudisha mjini umekaa mbele juu ya bomba, na tangu siku hiyo hakutamka tena jina la mkwewe. Alimlea kwa ukali wake. Mtoto akauchukua ule ukali wote, akaongeza na wa shule. Kufika kidato cha kwanza alikuwa na daftari la maswali, na nusu ya maswali yalikuwa ya kumkomesha babu.

Kwa mila ya tanuri, mwanamke hasogei, sembuse msichana aliyevunja ungo. Modesti alipoanza kufundisha pale kwetu aliruhusu wasichana wote, kwa sababu ya mmoja. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, kwa Kifipa, akiongea na marehemu babu yake kama vile amekaa upande wa pili wa geti langu, kwamba amsamehe, asipomfundisha huyu mtoto atakwenda kuamini watu wengine. Hilo ndilo lilikuwa lake. Kitambulisho kilikuwa cha mapambo tu. Mzee yule alitaka jambo moja duniani, kwamba Jenifer amwamini yeye.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita alikuwa anawaeleza watoto kazi ya dawa. Jenifer akanyoosha mkono, kiustaarabu.

"Babu, dawa isipowekwa, chuma hakitoki?"

"Hakitoki. Yatatoka mavi ya chuma matupu."

"Umewahi kujaribu bila dawa?"

Modesti akamwangalia kwa jicho lile la kuwatishia wateja.

"Babu yako alijaribu?" Jenifer akaendelea. "Babu yake alijaribu?"

"Nani ajaribu ujinga?"

"Basi hujui, babu."

Alisema vile mbele ya watoto arobaini. Hakusema kwa kiburi. Angekuwa amesema kwa kiburi angepigwa kofi, yakaisha. Madam Rahel, aliyekuwa amesimama nyuma, akapiga makofi kwa furaha. Akasema hilo ndilo swali, hiyo ndiyo sayansi yenyewe, tutajenga matanuri mawili yanayofanana, udongo uleule, mkaa uleule, mawe yaleyale, tubadilishe kitu kimoja tu. Moja na dawa, moja bila dawa. Akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, unakubali?"

Mtu mwenye akili angesema mila hairuhusu, na hakuna ambaye angembishia. Lakini yeye alikuwa Modesti.

"Jengeni," akasema. "Halafu mtakula aibu yenu."

Walijenga wiki mbili. Julai ya Ufipa mnaijua, asubuhi maji yanakata vidole, na watoto wale walikuja kabla ya jua kubeba udongo wa kichuguu kwa ndoo. Matanuri yalikuwa madogo, ya kufika kifuani, ya kuvuviwa kwa mivukuto, yanayoiva kwa siku moja. Ngozi za mbuzi za mivukuto alizileta Kashinje, kijana wa wafugaji wa Kisukuma, ambaye alivuta mivukuto ile kwa nguvu kuliko wote. Modesti alijenga lake. Watoto wakajenga lao, Jenifer akiwa msimamizi, naye mzee akiwapita anawachungulia na kusema ukuta umepinda, bomoeni. Walibomoa mara tatu. Vidole vya Jenifer vilipasuka mpaka damu, akavifunga kwa kitambaa cha kanga yangu akaendelea. Nilimwona mzee akiviangalia vile vidole.

Siku ya kuwasha, wazazi walialikwa, na wageni wawili wa shirika. Matanuri yalikuwa yamepangwa mawe na mkaa, bado kuwashwa. Saa nne watoto wakaenda kunywa uji upande wa pili wa jengo. Mimi nilirudi kuchukua vikombe, nikamkuta Modesti amepiga magoti mbele ya tanuri la watoto, mkono mzima umeingia kwenye tundu la chini mpaka begani. Alipoutoa ulikuwa na udongo mbichi. Pembeni yake kijikapu kiko wazi na jani la mgomba lililofungia dawa limechanika.

Alikuwa ameweka dawa kwenye tanuri lao pia.

Tukaangaliana. Sikuwahi kumwona mzee yule akiwa na sura ya kuomba, sikuijua hata nilipoiona.

"Wamebeba udongo wiki mbili, mama Timoth," akasema. "Wazazi wao wapo hapa. Likitoa mavi matupu, yule mtoto hatashika tena kitu maishani."

"Na jaribio?"

"Jaribio gani. Langu litatoka, lao litatoka, wote watafurahi. Nitasema babu zetu wamewahurumia."

Hivyo ndivyo alivyofikiri. Kwenye kichwa chake hapakuwa na nafasi kabisa ya chuma kutoka bila dawa, kwa hiyo hakuona anaharibu nini. Aliona watoto wanakwenda kuaibika naye ana uwezo wa kuwaokoa. Nami nilichukua vikombe vyangu nikaondoka. Nilijiambia hayanihusu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona itakuwaje, na sijivunii.

Saa kumi na nusu walibomoa. Tonge la Modesti lilitoka kwanza, Jenifer akalipoza, akaligonga kutoa uchafu, akaliweka kwenye mzani mbele ya watu wote. Kilo moja na gramu mia nane. Kisha la watoto. Kilo mbili na gramu mia moja.

Kelele zilizopigwa pale zilisikika barabarani. Watoto walirukaruka, Kashinje akabebwa juu. Modesti alikuwa ameshafungua mdomo kusema ile hotuba yake ya babu zetu wamewahurumia, lakini mzazi mmoja, dereva wa malori, akamuwahi.

"Mzee, hiyo dawa yako imekwisha muda wake."

Watu wakacheka. Wakacheka wazazi, wakacheka wageni wa shirika baada ya kutafsiriwa, wakacheka watoto aliowafundisha kushika koleo. Madam Rahel alijitahidi kubana midomo, ikamshinda. Modesti alimtafuta Jenifer kwa macho. Jenifer hakucheka. Alikuwa anaandika. Alipiga mstari chini ya kila namba, zote mbili, kisha akainua kichwa akamwangalia babu yake kwa namna ambayo mimi nilimwangalia aliyekuwa mume wangu siku niliyojua kwamba safari zake zote za kikazi zilikuwa uongo.

Basi mji ukapata mchezo. Sokoni walimwita Dawa. Vijana wa vyuma chakavu walimpelekea jembe wakasema, "Mambo vipi, Dawa, nichongee hili lakini usiweke kitu." Kilabuni mtu akichelewa kuletewa pombe ya ulezi anaambiwa ngoja kwanza Modesti aifukie. Alirusha nyundo siku moja, ikavunja dirisha la fundi cherehani, akatengwa wiki nzima. Kule kwetu madam akachapisha bango kubwa lenye kichwa USHAHIDI HUSHINDA MAZOEA, na picha ya Modesti ameinama siku ile. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alisema ni picha nzuri, ina hisia. Akalibandika ukutani, na kwa kuwa nyumba yetu ni ya kugusa, watoto waliligusa. Kufika Agosti pua ya Modesti ilikuwa imefutika ikabaki nyeupe. Yeye mwenyewe alipita mbele yake kila Jumamosi, na kitambulisho shingoni.

Ripoti ya Jenifer ilichaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya vijana, Dodoma. Maonyesho yangekuwa mwezi wa kumi. Mtoto ambaye hajawahi kuvuka Mpui.

Nyumbani kwao yaliyotokea nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana. Jenifer aliacha kumuuliza babu maswali. Hilo tu. Alipika, alifua, alisalimia, lakini lile daftari hakulifungua tena mbele yake. Mzee akisema mvua mwaka huu zitawahi, mtoto anasema sawa babu, kwa sauti ya kumnyamazisha mtoto mdogo. Mzee alivumilia wiki saba. Jioni moja wakiwa wanakula, akamwambia maharage yakitiwa chumvi mapema hayaivi, mtoto akasema sawa babu, na Modesti akasukuma sahani.

"Tanuri lenu lilikuwa na dawa," akasema. "Mimi niliweka."

Jenifer aliacha kutafuna.

"Lini?"

"Mlipokuwa mnakunywa uji."

"Kwa nini, babu?"

"Msiaibike."

Alitegemea nini? Aliniambia baadaye, bila kuona haya, kwamba alitegemea mtoto atalia, atamkumbatia, ataelewa kwamba babu alibeba kicheko cha mji mzima kwa ajili yake. Jenifer alinawa mikono. Akaleta daftari, akafungua ukurasa ule wenye mistari miwili chini ya namba, akauchora alama ya mkasi kutoka kona hadi kona. Pembeni akaandika: LIMEHARIBIKA. Kisha akasema usiku mwema, wakati jua lilikuwa bado halijazama vizuri.

Asubuhi alikuwa getini kwangu kabla sijafungua.

"Shikamoo mama Timoth. Siku ya tanuri ulimwona babu akiweka dawa kwenye letu?"

Ningeweza kusema sikuona. Nilitazama vile vidole, vilikuwa vimepona na kuacha alama.

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza."

Hakusubiri jibu. Aliingia moja kwa moja kwa madam.

Niliacha kufagia nikasikiliza dirishani. Madam Rahel alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Jenifer, mambo mengine tunayaacha. Ripoti imekubaliwa. Bango limechapwa. Chuma kilitoka, sivyo?" Mtoto akasema hapana madam, haikupimwa dawa na bila dawa, imepimwa dawa na dawa. Madam akasema utaikosa Dodoma. Mtoto akasema nitarudia jaribio kabla ya mwezi wa kumi. Nilisikia kiti cha madam kikisogea. Nafikiri aliona aibu, kwa sababu msichana wa miaka kumi na nne alikuwa anamfundisha kazi yake, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumtwisha. Akampata.

Alimwita Modesti siku hiyohiyo. Alimwambia kwa adabu zote, mzee wangu hapa, mzee wangu pale, kwamba amevunja uaminifu, kwamba makumbusho ya sayansi hayawezi kuwa na mtu anayeingilia majaribio, na kwamba aache kitambulisho mezani. Mzee akamwaga unga hivyohivyo amesimama, kazi ikaisha. Alivua kile kitambulisho taratibu kwa sababu kamba ilinasa kwenye kola ya shati, na madam akasubiri mkono wake uko wazi juu ya meza. Bango hawakulibandua.

Jenifer alikuwa mlangoni. Modesti alipopita akasimama.

"Siku ya kurudia usije, babu," mtoto akamwambia. "Ukiwepo hawataamini."

"Hawataamini wao au wewe?"

"Mimi pia."

Nilitamani kumchapa mtoto yule. Hata leo nikikumbuka natamani, na najua kabisa alikuwa anasema kweli.

Akaongeza, "Na naomba dawa. Bila dawa hakuna jaribio."

Modesti alikaa na hilo siku tatu. Siku ya nne alikuja mpaka getini, hakuvuka, akanipa mimi kijikapu chenyewe kizima. Hakuchukua kipande cha kubaki nacho. Mila inasema mwanamke asikiguse, nami nikakipokea kwa mikono miwili yenye sabuni ya vyombo, akaangalia mikono yangu, kisha akageuka akaenda zake.

Mara ya pili watoto walijenga matanuri yote mawili wenyewe. Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, upepo mwingi, na mimi nilikuwa na amri ya maandishi: mzee Modesti asiingie. Hakuomba kuingia. Alikuja saa moja asubuhi, akasimama upande wa pili wa barabara, kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya umeme, akakaa hapo. Wapitaji walimwita Dawa. Saa tano nilimpelekea uji, hakunywa.

Mioshi miwili ilikuwa inaonekana juu ya ukuta, wa kushoto na wa kulia. Saa nane hivi nikaona amenyanyuka. Akavuka barabara akaja mpaka kwenye geti, akashika nondo.

"Lipi lisilo na dawa?"

"La kushoto," nikamwambia.

Alifumba macho kidogo.

"Mrija umeziba kwenye hilo la kushoto. Angalia moshi, umekuwa mzito, wa njano. Hewa haiingii. Wasipozibua sasa hivi halitatoa kitu, mavi matupu."

Nikamwangalia. Alihitaji tu kunyamaza. Saa moja nyingine ya kunyamaza, na tanuri lisilo na dawa lingekufa mbele ya watu wote, lenye dawa lingetoa chuma, na mji mzima ungelazimika kumeza kicheko chake. Kijikapu cha babu yake kingerudi na heshima. Jenifer angekuja kwake na daftari. Alikuwa anayajua hayo yote kuliko mimi, yalikuwa usoni kwake.

"Una hakika unataka niseme?" nikamuuliza.

"Waambie watumie fito mbichi, si chuma. Chuma kitavunja mrija. Nenda, mama Timoth, usinisimamie hapa."

Nilikwenda. Nilimwambia Jenifer kwamba moshi wa kushoto siupendi, labda mrija umeziba, mzibue kwa fito mbichi. Aliniangalia sana. Mimi napika uji.

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Nimekuwa nikiwaangalia tangu Julai, mnadhani mimi kipofu?"

Akachungulia mrija, akaona ni kweli. Kuzibua mrija si dawa, akasema, ni kazi ya kawaida, na angezibua wowote. Kashinje akaleta fito. Baada ya muda moshi ukawa mwepesi, wa bluu. Nilipotazama barabarani, Modesti alikuwa amerudi kwenye nguzo yake.

Jioni walipima. Tanuri lenye dawa, kilo moja na gramu mia saba. Tanuri lisilo na dawa, kilo moja na gramu mia tisa. Safari hii hakuna aliyerukaruka. Walikuwa wamechoka, na nafikiri wengine walikuwa wanamkumbuka mzee. Madam Rahel alipiga picha za mzani na akasema sasa Dodoma hakuna wa kuwagusa.

Jenifer alitoka nje hadi getini akiwa na lile tonge la pili kwenye gunia, bado lina joto, na daftari kwapani. Modesti akavuka.

"Lisilo na dawa," mtoto akamwambia. "Moja na mia tisa."

Alilipokea. Akaligeuza, akaligonga kwa kucha, akalisikiliza. Uso wake haukuwa na kitu.

"Ni chuma kizuri," akasema. "Kina ulaini. Kinafaa jembe."

"Babu, nahitaji sahihi yako." Alifungua daftari kwenye ukurasa uliokuwa umeshaandikwa. "Wataniuliza kama uliingilia tena. Nimeandika hapa. Usome kwanza."

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma. Mimi nilisoma juu ya bega lake. Mimi Modesti, mhunzi wa Sumbawanga, nathibitisha kwamba siku ya jaribio la pili nilikuwa nje ya geti toka asubuhi mpaka mwisho, sikuingia, na sikutoa maelekezo yoyote kwa mtu yeyote. Kidole kilifika kwenye maelekezo kikasimama. Akainua macho, si kwa Jenifer, kwangu.

Nilikuwa nasubiri aseme. Nilitaka aseme. Nilitaka mtoto yule mwenye haki ajue nani kampa chuma chake, mara mbili. Lakini akisema, ukurasa huu nao utachorwa mkasi, na Dodoma ni wiki mbili, na udongo mwingine hakuna wa kuubeba.

"Nisaini wapi?" akauliza.

"Hapa chini, babu. Jina lote."

Akaandika jina lote, la ubatizo na la baba, taratibu, herufi zikiegemeana. Kisha Jenifer akanipa mimi kalamu, niweke yangu kama shahidi, nami nikaweka. Alikagua majina yote mawili, akapuliza wino ukauke, akamwambia babu aende nyumbani akale, yeye atachelewa kuosha vyombo vya maabara. Akaomba tonge lake, kwa sababu ni la maonyesho. Modesti akamrudishia. Alipoingia ndani mimi nikafunga geti, Modesti akiwa upande wa nje, kama ile amri ya maandishi ilivyosema.